Kamba Ndefu ya Waache

Enzi zetu kule Mtawanya mbwa alikuwa na kazi, lakini ndani hakuingia. Alilala uani, akala ukoko wa ugali kwenye kigae chake, na mtoto aliyerambwa mkono aliitwa na bibi aoshe mara saba, mara moja kwa udongo, ndipo asogelee sahani ya wenzake. Hawa vijana wa siku hizi wanaopiga picha shavu kwa shavu na mbwa, bibi yangu angewamalizia kisima kizima. Hata hivyo hatukumdharau mbwa. Tulijua nani anatulindia chakula.

Wetu aliitwa Waache. Baba alimpa jina hilo majirani walipomsema kwa kufuga mbwa. Alikuwa mwekundu, sikio moja limechanwa na nyani, na akibweka shambani, nguruwe pori hawakuuliza njia.

Msimu wa mpunga tulihamia bondeni, upande wa Mbuchi, tukakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, mpaka mavuno. Tulikwenda kwa pikapu ya mjomba Shomari. Nakumbuka harufu ya petroli na samaki wakavu, masufuria yakigongana, na sisi watoto tumekaa juu ya magunia. Mbele walikaa watu wazima na udhu wao. Waache alifungwa nyuma kabisa, asimguse mtu.

Mwaka ule baba alimfunga kamba shingoni kama kawaida. Mjomba akataka ifupishwe, baba akamwonea huruma mbwa.

"Mwachie ndefu, Shomari, naye ajinyooshe. Njia yenyewe mbaya hii."

Akalivuta fundo kulijaribu. Lilikuwa imara.

Tulikuwa tumeshaacha barabara kubwa kundi la nyani lilipotokea, linavuka mbele yetu. Waache hakujua habari za safari, alijua nyani. Akaruka ubavuni mwa gari. Kamba ilitosha kumvusha ukingo, haikutosha kumfikisha chini. Tulipiga mayowe, tukagonga paa kwa ngumi, na mjomba akasimamisha gari. Vumbi lilipotulia, Waache hakuwa na uhai.

Baba, ambaye sikuwahi kumwona akimgusa mbwa yule kwa kiganja, alimkumbatia kifuani, juu ya shati lake jeupe, huku akihangaika kulifungua fundo alilolifunga mwenyewe.

"Nilitaka ajinyooshe tu," alisema. "Ajinyooshe tu, jamani."

Tulimzika kando ya njia. Msimu ule sisi watoto ndio tuliokuwa mbwa. Tulipiga madebe tangu alfajiri mpaka sauti zikatukauka, na bado nyani walikula sehemu kubwa ya shamba. Njaa ile niliizoea. Ambalo sikulizoea ni kumwona baba kila jioni akitupa ukoko chini ya dungu, halafu anakumbuka, anabaki ameinama pale pale. Niliumia sana, na hata leo naumia nikiandika.

Sasa naishi Kibiti, nina pikapu yangu na mbwa wangu wa shamba. Namvalisha mikanda ya kifuani, shingo sigusi. Namfunga chini, katikati, kwa kamba fupi inayomruhusu kulala na kugeuka lakini ukingo haufikii. Vijana wa bodaboda hunicheka: "Mzee, mbwa kafunga mkanda, wewe wako uko wapi?" Nacheka nao, kisha na mimi naufunga wangu.

Baba yupo kwangu, macho yamemwishia. Kila nikitaka kuondoka hujikongoja mpaka garini, akaipapasa kamba kutoka kwenye fundo mpaka kifuani kwa mbwa.

"Fupi?"

"Fupi, baba."

Mbwa humramba vidole. Enzi zile mkono ule ungeondolewa mbio. Siku hizi anauacha pale pale mpaka mbwa aridhike mwenyewe, ndipo ananiomba maji na udongo.