Rais wa Kutaja Siku ya Mahojiano

Uvumi ulianzia saluni, nami nilikuwepo, kichwa changu kikiwa mikononi mwa msusi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alisema kwamba maofisa wa Marekani, wakimhoji mkimbizi anayetaka kuhamia kwao, humuuliza anampenda nani kati ya marais wao wa siku hizi. Ukijibu vibaya, faili lako linafungwa hapo hapo.

"Banaulizaka vile kweli?" msusi wangu akauliza.

"Kabisa. Shemeji yangu njo balimuuliza." Njo ya Wakongomani ni ndiyo yetu.

Ilikuwa mwaka 2016, Yeoville, mtaa wa Johannesburg. Mimi ni Mkenya, na wakati huo nilifanya kazi katika benki moja Sandton. Kila rasta zangu zilipochakaa niliendesha gari Jumamosi hadi kwa Mkongomani huyu wa Uvira, kwa sababu saluni za Sandton zilinitoza sana na bado zikanitoa machozi. Aliniita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao, ingawa sikumzidi sana kwa umri. Mimi nilimwita dada. Alikuwa na mume aliyefanya kazi ya ulinzi na binti aliyezaliwa pale pale Johannesburg, na familia yao ilikuwa kwenye foleni ya kuhamishiwa Marekani. Foleni hiyo waliiingia baada ya saluni yake ya kwanza kuvunjwa na watu waliotaka wageni warudi makwao. Kwao hakukuwa na pa kurudi.

Basi ilibidi achague rais, akaniomba nimsaidie kwa kuwa nasoma magazeti.

Mimi sikuhitaji kufikiri. Nilimtajia wetu, yule ambaye baba yake alizaliwa kwetu. Mwaka alipozuru Nairobi nilisimama mbele ya televisheni kazini nikawatambia wenzangu kana kwamba ni mimi niliyemnyonyesha.

"Ule ni muzuri," akasema. "Lakini anaondoka."

"Sasa akiondoka ndiyo hapendeki?"

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Alipokuwa mtoto, kila asubuhi kabla ya masomo walipangwa mstari wamwimbie rais. Siku moja rais akabadilika, wakaja wakubwa wengine, na wimbo ukaendelea kwa sauti ile ile, jina tu likawa jipya. Mwalimu aliyekosea jina hawakumwona tena. "Rais mwenye unapenda," akasema, "ni mwenye iko mu kiti."

Nilimcheka, lakini nilijua anachosema. Dukani kwa mama yangu, Nakuru, picha ya rais ilitundikwa juu ya mizani ya sukari. Utawala ulipobadilika, mama alipanda kigoda akaiteremsha kabla hata ya kunywa chai. Hakuna aliyemwamuru. Nilipomuuliza kwa nini anafanya haraka vile, aliniambia nikafagie nje.

Hata hivyo nilishikilia kwamba Marekani si kwetu, na Jumamosi zikawa za kuwapitia marais mmoja mmoja. Yule mkulima aliyestaafu akaenda kuwajengea maskini nyumba alimpendeza sana, akataka kuiona mikono yake kwenye simu yangu. Yule mwigizaji, msusi wangu hakumwelewa. Wale wawili, baba na mwana, walimchekesha mpaka akashika kiti: "Ata kwetu ilikuwa vile!" Aliyepuliza saksafoni alimpa alama za juu, maana Mkongomani hawezi kumkataa mtu wa muziki. Wateja nao wakaingilia, kila mtu na wake, na kwa muda tulikuwa kama watu tunaopiga kura kweli.

Mwishoni mwa mwaka Wamarekani wakachagua rais mpya. Jumamosi iliyofuata nilimkuta msusi wangu ametulia, hana maswali tena. Atamtaja huyo mpya.

Nikapandwa na mori. Nilimwambia kwamba huyo tayari amesema hataki wakimbizi, sasa yeye anampendea nini? Akanijibu kwamba njo maana, mtu asiyekutaka ndiye unayemsifu zaidi. Nilimwambia hiyo ni akili ya utumwa. Ni neno baya, na nililisema kwa sauti. Akaendelea kusuka kwa mikono ile ile ya upole, na upole huo ukanichoma zaidi kuliko kama angenitukana. Nikainuka na kichwa nusu, upande mmoja rasta, upande mwingine nywele zimesimama, nikajifunga kilemba na kutoka. Jumatatu kazini walinisifu kwamba kilemba kimenikaa.

Ni yeye aliyepiga simu. "Yaya, kichwa chako kiko namna gani?"

Nilirudi. Alinimalizia upande uliobaki, kisha akasema, bila hasira yoyote, "Weye uko na pasipoti. Unachagua rais sawa timu ya mupira. Miye, yeye njo ananichaguaka." Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mwenye msimamo na yeye mwoga, kumbe msimamo wangu haukunigharimu kitu. Nilimpenda rais wangu nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikinywa chai aliyonipikia yeye.

Mwaka uliofuata milango ya Marekani ikafungwa kwa wakimbizi, ikafunguliwa kidogo, mahojiano yakaahirishwa, yakaahirishwa tena. Yeye alitaja foleni yake akicheka, kama mtu anayesimulia ndoto ya jirani. Akiitwa ataenda, asipoitwa basi. Jina la rais wake alilishikilia tu, hakulibadilisha.

Mwaka 2018 wakamwita. Mimi ndiye niliyewapeleka. Kila robot nyekundu, kama wanavyoziita taa za barabarani kule, alilirudia jibu lake kwa Kiingereza, na binti yake, anayeelewa Kiswahili lakini hajibu kwacho, akamsahihisha matamshi na kusema, "Eish, Mama, again." Wakaingia, nikabaki kwenye gari, nikala mahindi ya kuchoma, nikasinzia, nikaamka, bado hawajatoka.

Alipotoka aliwatanguliza mume na binti kiti cha nyuma, akakaa kando yangu. Macho yalikuwa yamevimba.

"Wamekuuliza nini?"

Walimuuliza kuhusu Uvira. Nani aligonga mlango, walikuwa wangapi, kaka yake alianguka wapi. Hayo hatukuyafanyia mazoezi hata Jumamosi moja. Aliyajibu yote na hakulia. Mwishoni ofisa, mwanamke kijana, akamuuliza kama ana swali, naye akauliza kwa nini hawajamuuliza kuhusu rais.

Mkalimani alisita, kisha akatafsiri. Ofisa akaweka kalamu chini. Akamwambia hilo hawaulizi. Akifika kule anaweza kumpenda yeyote kati yao, na akitaka, asimpende hata mmoja, na aseme hivyo barabarani, si kosa.

"Pale njo nililia," akaniambia. "Mpaka akaniletea karatasi za kupangusa."

Nikataka kuwasha gari, akanishika mkono.

"Yaya, mbele ya leo nilitaka tu kutoka. Leo njo nimetaka kwenda."

Nilipaswa kufurahi. Niliogopa, maana sasa alikuwa na cha kunyimwa, na niliona mumewe kwenye kioo ameinamisha kichwa, naye ameogopa.

Jibu halikuja mwaka ule. Mwaka 2019 nilipokuwa nikijiandaa kurudi Kenya, lilikuwa bado. Alikuwa ameacha kuicheka foleni yake. Simu ikilia aliziacha nywele zangu na kuikimbilia kwa mikono yenye mafuta, na ikiwa si Wamarekani alisimama kidogo pale dirishani kabla ya kurudi kichwani kwangu. Nilijifunza kutogeuka kumtazama.