Kijia cha Katikati

Kila asubuhi mchora ramani mstaafu huzunguka bustani ya mji, penseli sikioni, daftari kwapani. Daftari hilo hamruhusu mtu kuligusa. Maua hayachori. Huchora vijia ambavyo watu wamevikanyaga wenyewe kwenye nyasi; kila penye kona huinama, magoti yakilia, akapima upana kwa shubiri, kisha akaguna kama anayekubaliana na mtu.

Leo alimkuta mtunza bustani akichimba mashimo ya uzio, kuziba kijia cha katikati wanachokatiza wagonjwa kwenda zahanati.

"Mama, usinikasirikie mimi," alisema mtunza bustani. "Ramani ya ofisini inasema njia inazunguka bwawa. Hapa hapana njia."

"Ramani hiyo niliichora mimi," alijibu kwa sauti yake ya chini. "Niliichora nikiwa nimekaa kitini. Hapa nilikuwa sijawahi kukanyaga."

Akachomoa daftarini ukurasa wenye mchoro wake wa miezi mitatu, akaandika jina lake pembeni, akamkabidhi. "Wapelekee, mwanangu. Waambie aliyekosea amesahihisha."

Mtunza bustani aliufuata mstari kwa kidole chenye udongo, akaacha doa. Mama alilitazama, akarudisha penseli sikioni. Basi mtunza bustani akachomeka koleo ardhini, akaelekea ofisini, akikatiza kwa kijia kilekile.