Guampa Inapita, Meza Namba Nne

Saa nane mchana mjini Encarnación, joto limekaza hadi mbwa wa mtaani wanafuata wapita njia ili wachangie kivuli. Ndani ya kasino, Blásida Ovelar, miaka 52, msimamizi wa meza ya poka, anahesabu vichwa. Vinane. Anapepesa macho, vimebaki saba.

"Derlis! Unakwenda wapi?"

"Nakuja sasa hivi, Ña Blásida," anajibu mchezaji huyo, akimwita Ña, yaani Bi, kwa heshima.

"Hiyo sasa hivi yako ina wajukuu!"

Leo mzaha una mipaka. Meneja wake, Insfrán, anayeitwa Licenciado kwa heshima ya shahada yake, ameshatamka: wachezaji wakiwa chini ya sita hata kwa mchezo mmoja kabla ya saa kumi na mbili jioni, kesho meza inang'olewa na mashine za kamari zinaingia. Blásida, aliyekanyaga zulia hili miaka 19, atahamishiwa kibanda cha kubadilisha sarafu.

"Kule nitapiga soga na nani?" anauliza. "Na droo ya sarafu?"

Ugonjwa wa meza hii ni kusimama. Jumamosi moja alihesabu: watu waliinuka mara 118. Karai Eulogio, yaani Bwana Eulogio, daktari wa mifugo mstaafu mwenye miaka 71, peke yake aliinuka mara 31.

"Kibofu changu kilistaafu kabla yangu," anajitetea mzee huyo.

Wengine walikuwa wakitorokea maegeshoni kunywa tereré, chai baridi ya majani inayonywewa kwa zamu. Sheria ipo: raundi tatu bila kuonekana, chipu zako za kuchezea zinafungwa kwenye mfuko na kiti anapewa anayesubiri. Ila siku hizi hakuna anayesubiri.

Dawa aliipata uani kwao. "Shemeji yangu alipoteza pikipiki kwenye karata, akacheka," anasimulia. "Tulipomruka zamu ya tereré, alinuna miezi miwili!"

Basi akaoanisha mambo mawili. Mezani kuna kidude cheupe cha mviringo kinachoonyesha nani anapewa karata mwisho. Kila mchezo kinasogea mtu mmoja. Sasa guampa, kikombe cha pembe chenye majani na mrija wa chuma, inakifuata. Kidude kikifika kwako, Blásida anakumiminia maji ya barafu na kukupa ukiwa kitini. Kiti kitupu kinarukwa, na zamu nyingine ni baada ya nusu saa.

Tangu saa nane dawa imefanya kazi. Derlis amerudi mbio mara tano, mara moja akiwa na empanada nzima, mfano wa sambusa, mdomoni.

Saa kumi na moja na dakika arobaini na tano, baa ya kasino, yenye televisheni ya mpira, inalipuka kwa shangwe. Goli! Watatu wanachomoka kwenda kutazama, Derlis akiongoza. Karai Eulogio yuko chooni. Wamebaki wanne, na mgawaji anachanganya karata za mchezo unaofuata. Insfrán anatazama saa yake.

Blásida hagombi. Anainua birika juu, anamimina taratibu, barafu inagongana.

"Guampa inapita!"

Derlis anaruka kiti cha watu kama mbuzi aliyeona mchicha. Watano! Wenzake wamenaswa kwenye umati. Mgawaji anagonga karata mezani, tayari kugawa.

Mlango wa choo unafunguka kwa kishindo.

"Msiniruke! Msiniruke, jamani!" Eulogio anakuja mbio, mkono mmoja umeshika suruali, mwingine umenyooshwa mbele kudai kikombe. Anatua kitini. Karata ya kwanza inaruka.

"Sita!" meza nzima inapiga yowe.

"Mzee, zipu!" Derlis anamkumbusha.

"Kwanza ninywe!"

Saa kumi na mbili inagonga wote wakiwa wamekaa. Insfrán anasogea, anafuta jasho, anaiangalia guampa.

"Nimiminie basi na mimi."

"Asiyekaa hanywi, Licenciado."

Meneja anageuka kulia, anageuka kushoto, kisha anavuta kiti cha tisa na kukaa wima kama mtoto wa shule.

Blásida hamalizii hapo. Anataka meza ya pili kabla ya Pasaka, na sheria yake iandikwe ukutani kwa herufi kubwa. "Na birika kubwa zaidi," anasema, akimpa mkubwa wake kikombe. "Hili halitawatosha."