Utepe Juu ya Boneti

Gari haiponi, Idirisa. Mtu ndiye anapona. Mtoto akishikwa na malaria unampa dawa, anatoka jasho, asubuhi anaomba chai, hapo sawa, sema amepona. Gari inatengenezwa. Wewe umeongeza oili kwenye kikopo cha pawa stelingi, usukani ukarudi laini, ukafunga boneti na kuniambia mbele ya mama yako, "Mama Mdogo, imepona, wacha kututisha." Sasa ile oili ya kwanza ilikwenda wapi? Gari iliinywa ikalala?

Na usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekupita miaka michache tu, na ukisimama karibu yangu watu wanadhani wewe ndiye mkubwa. Lakini mama yako ni dada yangu, tumbo moja, kwa hiyo wewe ni mwanangu, upende usipende. Na kesho unambeba mwanangu mwingine, dada yako, ndani ya nguo nyeupe, na vitoto vyote vya ukoo vimejazana kiti cha nyuma. Sitanyamaza. Na usinitupie ile habari yako kwamba sikusomea ufundi. Kweli sikusomea. Nilijifunza kwenye simu, na kwa kuinama chini ya magari ya watu nikiuliza maswali mpaka mafundi wakiniona wanajificha. Ila hili la leo sikulipata kwenye simu. Nililipata nikiwa nimekaa nyuma ya Shangazi Masitula, siku tuliyompeleka ndugu yetu Sauda kwa mume wake.

Siku ile naikumbuka hata kwa harufu. Udi, jasho, na yale maua ya plastiki yakipigwa na jua. Wewe ulikuwa na tetekuwanga, ulilia kutwa kwa sababu tulikuacha. Kwa hiyo habari yake umeisikia kutoka upande wa Mzee Rajabu tu: kwamba Masitula alishikwa na hofu, kwamba mwanamke haendeshi msafara, kwamba aliharibu harusi ya watu. Naapa, mtu akilisema hilo mbele yangu mpaka leo, hatuagani vizuri. Mimi nilikuwemo ndani ya ile gari. Nisikilize.

Asubuhi tulikuwa nyumbani, kule nyuma ya Kyambogo. Gari ilikuwa ile ya viti vinane ya Shangazi, ile iliyotupeleka sote shule na kumpeleka bibi yetu kliniki. Wapambaji walikuja mapema. Wakavuta utepe mweupe kutoka kioo cha kulia mpaka kioo cha kushoto, wakaupitisha juu ya boneti, wakabandika ua kubwa katikati kama sahani ya pilau. Unavyojua sisi, gari ya bibi harusi ikishavaa utepe ni kama bibi harusi mwenyewe. Hakuna kuigusa.

Shangazi akairudisha nyuma ili ageuze. Alipokata kona, gari ikalia. Si honi. Sauti nyembamba, kama paka aliyekanyagwa mkia. Akasimamisha, akashuka na viatu vyake vya sherehe, akaangalia saruji pale ilipokuwa imelala. Palikuwa na doa jekundu. Akaligusa, akanusa kidole.

"Nataka kufungua boneti," akasema.

Mzee Rajabu, mjomba wake Sauda, ndiye alikuwa kiongozi wa msafara. Kanzu, koti juu, simu mbili mkononi. "Masitula, utepe umeshafungwa."

"Utafungwa tena."

"Gari ya bibi harusi ikishavaa haivuliwi mpaka ifike. Ama unataka kumvua mtoto wa watu barabarani?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akasema ni kisirani, siku ya furaha huifungui gari tumbo. Shangazi akatuangalia, mmoja mmoja. Akaniangalia na mimi. Na mdomo wangu unaujua, Kyambogo yote inaujua, mpaka waendesha boda wa pale stendi wananiita redio. Siku ile nilikuwa nafunga kiatu.

"Haya," akasema. "Tutaenda pole pole."

Lakini kabla hajawasha alitufunga mikanda sote, mpaka wale watoto wa kiti cha nyuma, kwa mikono yake mwenyewe. Sauda akalalamika, "Shangazi, nguo itakunjika!"

"Ikunjike."

Sasa sikiliza hapa, mwanangu, maana hapa ndipo watu wanalala. Msafara wa harusi unaendaje? Tangu getini, hazadi, zile taa za dharura, zinawaka, gari zote, mbele mpaka nyuma. Honi juu ya honi. Vigelegele madirishani. Mpiga picha amekaa kinyume juu ya boda, mgongo kwa mgongo na dereva, kamera imeelekea kwetu. Ndivyo tulivyokwenda mpaka Nakasero, tukapiga picha kwenye bustani ya hoteli, tukaanza kuteremka kuelekea Nakivubo.

Pale kwenye mteremko kuna kona ya kushoto. Shangazi alikuwa anaenda taratibu mpaka Mzee Rajabu, aliyekaa mbele karibu naye, akanung'unika kwamba tutafika wali umepoa. Nikasikia pap! Chini ya boneti, kama kofi. Ile sauti ya paka ikanyamaza. Nikaona mabega ya Shangazi yamepanda mpaka masikioni.

"Imeondoka," akasema. Kwa sauti ndogo tu.

"Nini imeondoka?" Mzee akauliza.

"Usukani."

Kona ilikwenda kushoto na sisi tulikwenda mbele. Pole pole, na hilo ndilo lililotisha, kwamba niliona kila kitu. Gari ikaanza kuvuka katikati ya barabara, na teksi iliyojaa watu inapanda kutoka chini. Shangazi akakandamiza honi. Unajua dereva wa teksi alifanya nini? Akatujibu! Pi-pi, pi-pi-pi, ile ya harusi, na abiria wake wakatoa mikono nje kutupungia. Wenzetu wa nyuma waliposikia honi wakapiga zao, vigelegele vikapanda. Hazadi? Zilikuwa zinawaka tangu Kyambogo. Nani angejua kwamba sasa zinasema kitu kingine? Gari yetu ilikuwa inalia tunakufa, na mtaa mzima unatupongeza.

"Zima gari! Zima!" Mzee Rajabu akarusha mkono kifuani kwa Shangazi, anatafuta ufunguo. Shangazi akampiga kiwiko, namshukuru Mungu nilikiona kile kiwiko. "Toa mkono, Mzee! Nikizima, usukani utajifunga na breki itakuwa jiwe!"

Akashika usukani kwa mikono miwili, akaegemeza mwili wote upande wa kushoto. Kwa sababu usukani ulikuwa haujafa, mwanangu. Ulikuwa mzito. Mzito kama kuvuta ng'ombe aliyekataa kuvuka mtaro, lakini kwa nguvu unakuja. Ukaanza kuja. Teksi ikatupita karibu sana, nikaona abiria mmoja ameacha kupunga.

Sasa tulihitaji kwenda pembeni, kushoto. Na kushoto kuna nani? Mpiga picha na boda yake. Ameona bibi harusi yuko dirisha lile, amesogea karibu kabisa.

Nikainama juu ya Sauda, nikatoa kichwa. "Wewe mwenye kamera! Toka! Tunakuua!" Nikamtukana matusi ambayo sitayarudia hapa, mama yako anasikia. Yeye akacheka na kuniinulia kidole gumba. Alidhani nina furaha! Hapo Sauda akanisukuma kando, na hina yake, na shela yake, akatupa lile shada la maua kwa nguvu zote. Likampata dereva wa boda kichwani. Yule kijana akageuka kwa hasira, akauona uso wa bibi harusi, wanja umetiririka mpaka kidevuni. Akafunga breki. Boda ikabaki nyuma.

Shangazi akavuta tena. Breki akaikanyaga kidogo kidogo, hakuigonga. Tairi likasugua ukingo wa barabara, likasugua, likasugua, gari ikasimama. Mbele ya bampa palikuwa na mama anakaanga chapati, mwiko uko hewani, mtoto yuko mgongoni amelala.

Yule mama akatuangalia, akaangalia maua, akasema, "Nyabo, bibie, hongela kwa halusi. Lakini gali yako inataka kula chapati zangu?"

Watoto wa kiti cha nyuma wakaanza kulia wote pamoja. Shangazi hakushuka. Vidole vyake vilikuwa vimegandia usukani, mimi ndiye niliyevitoa, kimoja baada ya kingine, na vilikuwa baridi kama samaki.

Mzee Rajabu ndiye wa kwanza kushuka. Msafara ukafika, watu wanauliza kuna nini, na yeye, koti lake bado limenyooka, akasema kwa sauti, "Ameshikwa na hofu. Si mnajua wanawake."

Banange! Nilitoka kwa ile gari kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Nilikuwa naenda kumvunja. Sidanganyi.

"Rudi hapa," Shangazi akaniita.

"Shangazi, umesikia anachosema?"

"Nimesikia. Huo mdomo niliuhitaji asubuhi, gari ilipolia. Sasa hivi haunisaidii kitu. Tafuta maji, uwape watoto."

Hakupandisha sauti. Angenipiga ningesahau mapema. Nikaenda nikanunua maji, nikawanywesha wale watoto, uso unaniwaka kuliko jiko la yule mama.

Aliyemjibu Mzee ni Sauda. Alishuka, akaokota pindo la nguo yake, akamwomba mama wa chapati kisu cha vitunguu. Akaukata utepe. Mzee akaruka, "Sauda! Gari haivuliwi mpaka ifike!"

"Imeshafika, Mjomba," akasema. "Angalia vizuri, imeshafika."

Tukafungua boneti. Mkanda wa pampu ya usukani ulikuwa vipande vipande, kama mlenda, na oili nyekundu imerukia kila mahali. Mzee Rajabu akachungulia, akajiondokea na simu zake. Ile hadithi yake ya hofu akaja kuiendeleza baadaye, mahali ambapo mkanda haupo wa kuangalia. Sauda akafika kwa mume wake ndani ya pikapu ya masufuria, kiti cha mbele, anacheka na kulia. Sisi tukafuata. Hakuna aliyezikwa, Idirisa. Unaelewa ninachosema? Hakuna aliyezikwa, na wanaita hiyo kuharibu harusi.

Basi shika haya. Usukani ukilia unapokata kona, ukiwa mzito asubuhi na laini mchana, ukiona doa chini ya gari, ama taa mpya imewaka karibu na saa ya spidi, hiyo gari inaomba fundi, haiombi oili tu. Ukiongeza oili bila kutafuta inapovujia, umeahirisha siku tu, na siku hiyo hutaichagua wewe. Na rafiki yako mwenye gari ya usukani wa umeme asijidai. Yake haina oili ya kumwaga, ila ikikata, inakata bila hata kumlilia. Akizima na kuwasha, taa ikapotea, bado haijatengenezwa. Haijatengenezwa!

Ikikukuta barabarani, usiachie. Shika kwa mikono miwili, vuta, utakuja. Toa mguu kwenye mafuta, breki kwa upole, tafuta pembeni. Ufunguo usiguse mpaka gari isimame, na mtu akitaka kuugusa, hata awe mzee wa ukoo mzima, mpe kiwiko, nitakuombea radhi mimi. Hazadi za kesho zizime. Najua watakuambia harusi gani hiyo haina hazadi. Zizime. Taa ile ni ya kuwaambia watu uko shidani, na ukishaitumia kwa furaha kutwa, shida ikija huna neno lililobaki. Kila mtu afunge mkanda, nguo ikunjike. Na mtu akisema leo siku njema, usiseme mabaya ya gari, wewe sema. Sema hata kama wote wanacheka, hata kama unaona haya. Mimi sikusema, na mpaka leo nikisikia honi za harusi mikono yangu inatafuta kitu cha kushika.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mikono ya Shangazi Masitula na masikio yake. Akufikishe na dada yako na wale watoto, wote, kwa hesabu mliyotoka nayo, na wali uwe bado wa moto. Amina.

Lakini jioni hii, ulipoingiza gari getini, mimi nilikuwa jikoni na nimeisikia ikilia. Na wapambaji wameshapita, utepe uko juu ya boneti.

Mkasi uko wapi?