Salamu Mstari Mmoja: Kwa Mwanasiti wa Mwabungo

Moyo wangu bado unakataa. Mwanasiti? Huyu huyu aliyenitumia voice note Ijumaa kunisuta kwamba ujumbe wangu hauna nukta hata moja?

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Tumemzika leo baada ya Alasiri, kwao Mwabungo.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa sababu wengi wenu mnaofuata ukurasa huu mnaniita Mkunga Mwanamkasi, na hamjui nani aliyenifanya mkunga.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nina miaka kumi na saba, yeye kumi na tisa, na ndiye msichana pekee kijijini kwetu aliyekuwa amemaliza darasa la sita. Basi akafungua shule. Shule yenyewe ni baraza ya mama yake, mkeka mmoja, na ubao uliokuwa zamani mlango wa banda la kuku.

Msidhani sisi wengine tulikuwa mbumbumbu! Tulikuwa tumehitimu chuo cha Qur'ani, tunaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na mkono unateleza. Lakini kuingia mafunzo ya ukunga ilibidi upite exam kwa herufi za Kizungu: sarufi kidogo, kisha barua fupi ya mistari minane.

Sarufi alitufundisha huku tunakuna nazi. "Kifuu kimevunjika. Vikiwa vingi?" Ukikosea, unakuna na nazi ya mwenzako. Mimi nilikuna nazi nyingi sana.

Barua ndiyo iliyoniangusha. Swali lilisema: mwandikie daktari aje kumwona mgonjwa kijijini kwenu. Nikaanza kama nilivyolelewa. Nikamsalimu, nikamuuliza hali yake, hali ya mkewe, watoto, majirani, nikamwambia sisi huku wazima wa afya. Mstari wa nane nikaandika, "Ama baada ya salamu." Karatasi ikaishia hapo.

Msahihishaji aliandika kwa wino mwekundu: "Mgonjwa yuko wapi?" Chini yake, sifuri.

Nililia kutoka Kwale mpaka nyumbani. Baba akasema nitarudia mara moja tu. Nikianguka tena, kuna posa imeletwa, ataijibu.

Mwanasiti hata pole hakunipa.

"Shoga, wewe umeua mtu."

"Nimemuua nani mie?"

"Huyo mgonjwa. Wewe wauliza hali ya mbuzi wa daktari, mwenzio anatapatapa kitandani!"

"Lakini ni adabu, Mwanasiti. Nitamwombaje mtu bila ya kumjulia hali?"

"Adabu ni daktari afike. Salamu mstari mmoja. Wa pili, jambo."

Miezi mitatu aliniganda kama kupe. Sheria ikawa hata nikienda kwao lazima nisalimu mara moja tu, kisha niseme nililojia. Siku moja nikaingia uani nikamwambia mama yake, "Shikamoo mama, naomba chumvi." Mama wa watu akanipa chumvi, kisha akamgeukia bintiye: "Huyu tumemkosea nini?"

Mwanasiti alicheka hadi akalala mkekani. Mimi niliona haya wiki nzima.

Nikapita! Majina yaliposomwa Kwale, alipiga vigelegele mpaka clerk akatoka ofisini kuangalia kuna harusi gani. Mtu angedhani yeye ndiye aliyefaulu. Na kweli ni yeye.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa Msambweni, na Mwanasiti alikuwa ameolewa kijiji cha jirani. Mchana mmoja nikiwa duty nikaitwa kwake, mimba ya kwanza. Mtoto akatoka salama. Kisha damu ikakataa kusimama.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Damu ikawa yaja tu. Mumewe alikuwa mlangoni na baiskeli, nami nikachana karatasi kwenye report book. Nikaandika:

"Assalaam alaykum, daktari. Mama amezaa, damu haisimami. Njoo na gari sasa hivi"

Mwanasiti, midomo imepauka, akanyoosha mkono. "Lete nione."

Akasoma. Wallahi, akasoma mpaka mwisho.

"Weka nukta hapo," akasema, akafumba macho.

Niliweka nukta. Mumewe akaondoka mbio. Daktari aliniambia baadaye kwamba barua ile aliimaliza kabla hajakaa kitini, na kwamba angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunashona sanda.

Mtoto yule ndiye Riziki, mnayemwona akinitania hapa kwenye comments. Maisha yake yote hajanipigia simu bila shikamoo. Leo alfajiri alisema tu, "Mama mdogo, mama ametutoka." Mstari mmoja. Nikajua amefundishwa na nani.

Ninalia, lakini ninajivunia kuliko ninavyolia. Baraza ile ilitoa wakunga, walimu, na makarani wakali. Certificate zetu zote zilitoka kwenye mlango wa banda la kuku.

Mwanasiti, leo hapana daktari wa kukimbilia. Sina haraka, na karatasi hii haiishi. Niache nianguke mtihani mara moja tena.

Assalaam alaykum, shoga yangu. U hali gani? Mama hajambo huko? Mwambie ile chumvi sijasahau. Baba naye je? Na mumeo, mzee wa baiskeli? Wasalimie wote, mmoja mmoja, kwa majina yao. Sisi huku tu wazima wa afya, ila kukukosa wewe.

Ama baada ya salamu, jambo langu ni moja, na miaka yote hii sikuwahi kulisema: ahsante.

Lala kwa amani, mwalimu wangu. Nukta nimeiweka.