Bingwa wa Akili za Watoto

Huyu bingwa wa kupima akili za watoto kaletwa huku kwetu mjini Gondar, Ethiopia, na Kiamhari chake cha kitabuni. Kila akiuliza swali anabofya kalamu, anapinda shingo kama kuku anayechungulia mwewe, kisha anatoa tabasamu la kukodi. Zenebech kakaa pembeni, roho juu: bintiye akifeli, anapelekwa darasa la wazito wa kuelewa.

"Mrembo, herufi hii unaijua?" Mtoto akavuta pumzi ndani, hhh! Kwetu hiyo ndiyo "ndiyo" yenyewe, hata punda anaielewa. "Kimya tena," bingwa akasikitika. "Daktari, si kasema ndiyo!" "Mama, usimsaidie mtoto. Umenielewa?" Zenebech, kwa mazoea, akavuta pumzi, hhh! Bingwa akamtazama kwa huruma. "Aa, kumbe hali hii ni ya kurithi."