Ngoma Niliyoisifu

Nitafute kanisa lingine, maana hili langu wote wameshasikia aibu yangu.

Mimi huandika mtandaoni maoni kuhusu muziki wa filamu. Kibet, kijana wa Moi's Bridge, alitoa upya albamu ya muziki aliotunga kwa filamu yake, safari hii akiongeza vipande vilivyoachwa nje. Ile ya kwanza niliisikiliza Jumapili moja, mtaa mzima umefunga kazi, nikaiponda kwamba haina uhai. Hii ya pili niliisikiliza Jumatatu mchana nikatokwa na machozi, mtu mzima. Nikaandika kwamba kwenye kipande kipya cha mazishi, ngoma inadunda chini ya filimbi kama moyo unaokataa kufa.

Jana Kibet akaja kwangu Langas.

"Bro, mimi sikuweka ngoma mahali popote."

"Nyinyi wasanii hamjui mnachofanya," nikamwambia bila hata haya. "Kaa, nikuonyeshe."

Nikakicheza kile kipande, nikafumba macho, nikainua kidole. "Hiyo! Sikia hiyo!"

Stima ikapotea. Spika ikanyamaza na filimbi ikakatika. Ngoma ikaendelea, du-du-du-du.

Kibet akainuka, akaweka sikio ukutani. Upande wa pili, Mama Naliaka, mwenye posho mill ya dizeli, alikuwa akipigia wateja kelele: "Hii mahindi ni ya nani? Nisage ama nisisage?"

Nilitamani anisage mimi.

Kibet hakucheka. Angecheka ningeshukuru. Alichukua koti lake, akasimama mlangoni.

"Kwa hivyo si muziki yangu ilikufanya ulie."